Upande wa Kushoto wa Pua Tisa

Brashi hakutafuta mume. Mume alikuja mwenyewe akakalia rangi mbichi.

Alikuwa bado mgeni kazini, msichana wa kwanza kuajiriwa katika chumba cha rangi cha karakana ya reli, na alikuwa ametoka kumaliza kupaka ngazi za injini mpya kwa rangi ya maziwa. Kibao cha kuonya watu alikiandika mwenyewe, RANGI MBICHI, kwa herufi zilizonyooka kuliko hata zile za lango kuu, maana baba yake alikuwa mwandishi wa mabango ya maduka na alimlea kwa brashi mkononi, ndipo jina la Brashi likamganda. Akaja dereva mmoja kijana, mrefu, mpole wa kupitiliza. Akakisoma kile kibao chote, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Mwandiko huu una adabu," kisha akageuka akakaa kwenye ngazi.

"Kaka!" Brashi akapiga ukelele. "Si umesoma?"

"Nimesoma," akajibu dereva, bado kakaa. "Ila nilikuwa naangalia herufi, maneno sikuyafuata."

Aliposimama, suruali yake ya buluu ilikuwa na mistari miwili mipana nyuma, sambamba kama reli. Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana shimoni. Dereva hakuona sababu ya kuhangaika. Zamu yake ilikuwa imefika, akaenda hivyo hivyo, akaendesha treni ya abiria hadi mwisho wa njia na kurudi. Haukupita muda mrefu akamtuma shangazi yake kwenda kuposa. Shangazi alipoulizwa mwanawe ana tabia gani, akajibu kwa fahari, "Mtulivu. Halafu ni msomaji." Nyuma ya pazia Brashi alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga, lakini kicheko kikamtoka puani, na kila mtu sebuleni akajua jibu.

Yule dereva walikuwa wakimwita Taratibu, kwa sababu hata moto ungewaka nyuma yake angeukimbia kwa hatua za kawaida. Na zile injini, zilizofika kwa meli mwaka ule ule Brashi alioajiriwa, watu walizibatiza Mapua. Zilikuwa na kichwa kirefu kilichotokeza mbele ya chumba cha dereva, kimevimba pande zote mbili kama pua ya mtu mwenye mafua. Kabla yao kulikuwa na zile za mvuke, zenye moshi na makaa. Mapua hayakutaka makaa. Ndani ya tumbo kulikuwa na injini kubwa ya dizeli, na injini ile haikuzungusha magurudumu hata kidogo. Ilizungusha jenereta, jenereta likatoa umeme, umeme ukashuka kwenye mota zilizofungwa katika ekseli za magurudumu, na mota ndizo zilizovuta treni. Taratibu alimweleza Brashi mambo haya wiki ya kwanza ya ndoa, badala ya maneno mengine ambayo bibi harusi huyatarajia.

"Kwa hiyo ni kama taa," Brashi akasema, "ila inatembea."

Taratibu akafikiri kwa muda. "Ni taa kubwa," akakubali.

Kila mmoja akayajua Mapua kwa njia yake: mume kwa ndani, mke kwa nje. Brashi ndiye aliyeandika namba zote mbele ya pua zile, na ile tisa aliiandika kwa mkia mrefu wa madaha, basi Pua Tisa likawa kipenzi chake tangu siku hiyo. Mwanzoni Mapua yalivaa rangi ya damu ya mzee yenye mkanda wa maziwa ubavuni, yakavuta treni za abiria za haraka. Watu wa mitaa ya kando ya reli walitoka nje kuyapungia. Kisha akaja mkurugenzi aliyependa kijani. Brashi akayavua wekundu kwa msasa, akayavika kijani, yote, moja baada ya jingine, mpaka akawa anaota majani. Baadaye reli ikakodishwa kwa kampuni iliyotaka buluu. Msasa tena. Kampuni ikaondoka, serikali ikarudi, ikasema, "Rudisheni ile ya zamani." Brashi alikaa juu ya debe akacheka peke yake.

Ajabu ni kwamba mumewe hakuwahi kuona tofauti. Buluu ilikuwa na miaka miwili mwilini mwa Mapua, na siku moja wakati wa chai Taratibu akasema, "Lile la kijani leo lilipanda mlima vizuri."

"La kijani lipi, baba watoto?"

"Si Pua Tisa?"

"Pua Tisa ni la buluu!"

"Tangu lini?"

"Toka nje ukaangalie! Lipo pale kituoni, limesimama!"

"Nimetoka humo sasa hivi," akasema Taratibu, akikoroga sukari. "Ndani ni kijivu."

Kwa upande wake, Brashi hakuwahi kupanda. Kanuni zilisema asiyehusika haruhusiwi katika chumba cha dereva, na Taratibu hakuwa mtu wa kukiuka kanuni hata kwa mama wa watoto wake. Mara moja, akiwa na mimba ya mtoto wa pili na miguu imevimba, Brashi alimwomba ampeleke walau hadi stesheni ya pili. Taratibu alishuka, akamkatia tiketi ya daraja la pili kwa pesa yake, akamfungulia mlango wa behewa, akarudi kwenye injini yake. Wifi yake alipoisikia habari hiyo alisema, "Huyu kaka yangu alizaliwa na muhuri mkononi."

Miaka ikaenda. Zikaja injini kubwa zaidi, zenye nguvu karibu mara mbili, na Mapua yakaondolewa kwenye treni za haraka, yakapewa mizigo. Kutoka mizigo yakashushwa kuwa ya kupanga mabehewa kituoni, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mzee anayezunguka uani kunyoosha magoti. Vipuri vikawa haba. Pua Tatu lilipokufa jenereta, jenereta la Pua Sita likahamia kwake. Pua Sita likakaa nyuma ya karakana na majani yakamea ndani ya tumbo lake. Baadaye Pua Tatu nalo likatoa mota zake kwa jingine. Mafundi walikuwa wakisema ukoo wa Mapua umeishi muda mrefu kwa kupeana figo. Mwishowe likabaki moja linalonguruma, Pua Tisa, na ndani yake kulikuwa na kitu cha karibu kila ndugu yake.

Hilo ndilo lililonunuliwa na kiwanda cha saruji, kule mwisho wa njia ya tawi inayopanda vilimani.

Mkuu wa karakana, mtu mnene wa haraka aliyezungumza kana kwamba anafukuzwa, alikuja kwenye chumba cha rangi akihema. "Mama, wanataka manjano! Manjano yenye michirizi myeusi puani, lionekane hata kwenye vumbi. Wana sherehe ya kulipokea Jumamosi. Nimewaahidi!"

"Rangi iko wapi?"

"Iko njiani."

Iliyokuwa njiani ilikuja nusu. Brashi akapaka pua yote na upande mzima wa kulia, ikang'aa mpaka watu wakafinya macho. Upande wa kushoto ukabaki na wekundu wake wa zamani, umepigwa msasa, umechakaa kama shati la kulalia. Nusu ya pili ya rangi ilishushwa kwenye lori Jumamosi asubuhi, Pua Tisa likiwa limeshawashwa na Taratibu yuko juu akikagua breki. Ilikuwa safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na kwa Brashi ilikuwa wiki ya mwisho pia.

Mkuu akayaangalia madebe ya manjano. Akamwangalia Brashi. Akaiangalia injini.

"Mama," akasema, "panda."

"Nipande wapi?"

"Panda na rangi yako! Njia ya tawi ina vituo vya kupishana, mtasubiri treni kila mahali. Kila mkisimama, paka!"

Brashi akamtazama mumewe dirishani. Taratibu akauliza, "Ana barua?"

"Mimi ndiye barua!" mkuu akafoka. Alipoona dereva bado anasubiri, akachana ukurasa, akaandika ruhusa kwa kuegemea mgongo wa fundi mmoja, akatia sahihi. Taratibu akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono. "Karibu, mama watoto," akasema. "Angalia kizingiti."

Hivyo ndivyo Brashi, bibi wa wajukuu kadhaa, akiwa na ovaroli lenye historia nzima ya reli kifuani, alivyoingia kwa mara ya kwanza ndani ya kitu alichokivisha maisha yake yote. Kweli ndani kulikuwa kijivu. Kijivu kibaya, cha kukatisha tamaa. Lakini Taratibu alipoachia breki na kusogeza wenzo wa kuongeza nguvu, dizeli ikabadili sauti nyuma yao, sakafu ikatetemeka, mtetemo ukampanda miguuni, ukapita magotini, ukafika kwenye meno. Brashi akacheka bila kujua anacheka nini. Msaidizi wa dereva, mtu wa makamo aliyempisha kiti chake na kusimama nyuma, naye akaanza kucheka.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unafanyiwa kila siku?" Brashi akapaza sauti.

"Kila siku," akasema Taratibu.

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia kuhusu jenereta."

Kituo cha kwanza cha kupishana walisimama. Brashi akashuka na debe, msaidizi akashika ngazi, na kazi ikaanza. Alipaka haraka lakini hakubabaisha, brashi pana kwa mapana, nyembamba kwa kingo. Treni ya abiria iliyokuwa ikisubiriwa ikaja, ikasimama sambamba nao, na madirisha yote yakajaa vichwa.

"Mama, hapo juu umeruka!"

"Wapi?" Brashi akawageukia.

"Kulia! Kulia zaidi! Siyo kulia kwako, kulia kwetu!"

"Acheni mwenzenu afanye kazi," akasema mzee mmoja dirishani, kisha yeye mwenyewe akaongeza, "Ila mama, kwenye ile bawaba pamechuruzika kidogo."

Treni ya abiria ilipoondoka walimpigia makofi behewa kwa behewa, na Brashi akawainamia na brashi yake kama mwimbaji jukwaani. Akarudi juu ana manjano kwenye nyusi. Taratibu akamtazama kwa makini.

"Una rangi usoni," akasema.

"Rangi gani?"

Taratibu akafikiri. Msaidizi akageukia dirisha, mabega yanamcheza. "Nyeupe?" akajaribu Taratibu.

Kituo cha pili kuku wa stesheni masta walikuwa wanajiogesha mavumbini, na upepo ukapita palepale. Brashi alipogeuka, manjano mbichi ilikuwa na manyoya. Brashi akayang'oa moja moja, akapaka upya, mengine yakaja. Stesheni masta akatoka akaomba radhi kwa niaba ya kuku wake. Kituo cha tatu Brashi alifika kwenye milango ya ubavuni, ile inayofunika dizeli yenyewe, na hapo akakwama. Milango ilikuwa ya moto kama kikaango. Kila alipogusisha brashi, rangi ilitokota, ikafanya mapovu, ikateremka. Akangoja, akapuliza, akapepea kwa kofia ya msaidizi. Bure. Injini ingepaswa kuzimwa ipoe nusu siku, na kiwandani watu walishakaa kwenye viti.

"Basi," akasema, akijifuta jasho. "Hapo pabaki pekundu. Wageni wako upande gani?"

"Waliniambia kwa simu," Taratibu akajibu. "Kulia. Turubai limefungwa kulia."

"Basi tumeshapona! Kushoto hakuna atakayepaona, nitamalizia kesho likishapoa." Na furaha ikamrudia mara mbili, maana sasa hakuwa na kazi, alikuwa abiria tu. Njia ikaingia kwenye mlima, kona baada ya kona, na Pua Tisa likapanda bila kusitasita, likinguruma kwa kifua cha ndugu zake wote. Brashi akatoa kichwa dirishani, upepo ukamfungua kitambaa.

"Naweza kuipiga honi?"

"Tukikaribia kivuko. Mara moja, fupi."

Walipokaribia kivuko cha barabara Brashi akavuta kamba ya honi na hakuiachia. Honi ikalia bonde lote. Ng'ombe wakainua vichwa. Mwendesha baiskeli mmoja akashuka, akaiweka baiskeli chini, akasimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Walinzi wa kivuko wakatoka mbio na bendera nyekundu wakidhani kuna ajali.

"Fupi, mama watoto! Nimesema fupi!"

"Hii ndiyo fupi yangu!"

Na Taratibu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheka kazini, akafungua mdomo akacheka mpaka machozi yakamlowesha kola. Ilibidi msaidizi akumbushe kwamba kuna mtu anayepaswa kuangalia mbele.

Langoni mwa kiwanda mlinzi akawapungia wapunguze mwendo. "Karibuni! Jua limekuwa kali upande ule, wamehamisha turubai. Wageni wote sasa wako kushoto!"

Brashi akakaa chini sakafuni. "Rudisha nyuma," akasema.

"Treni hairudishwi nyuma kwa sababu ya rangi," akasema Taratibu.

Na wakaingia hivyo. Wafanyakazi walikuwa wamepangwa mistari, na mbele yao amesimama meneja, mwanamke mfupi mwenye kofia ngumu nyeupe na sauti ya kuendesha mitambo. Mbele ya macho yao likapita Pua Tisa: manjano inayowaka, michirizi myeusi puani, na katikati ya ubavu, mraba mkubwa wa wekundu uliochakaa, kama kiraka kwenye suruali mpya. Juu yake kidogo, unyoya mmoja wa kuku ulikuwa unapepea.

Makofi yakaanza, yakasita. Meneja akausogelea ule mraba, mikono kiunoni.

"Dereva," akaita. "Hapa pekundu pana maana gani?"

Taratibu alikuwa hajawahi kusema uongo maishani, na hakuanza siku hiyo. "Hapo ndipo injini ilipo, mama," akasema. "Pana moto sana."

"Ahaa!" Meneja akawageukia watu wake. "Mmeona? Sehemu ya hatari imewekewa rangi yake! Nimewaambia mara ngapi mfanye hivi kwenye mitambo yetu?"

Makofi yakalipuka upya. Brashi, aliyekuwa nusu mlangoni, akang'ata kitambaa. Akajaribu kuvumilia. Akaangalia mawingu, akaangalia viatu vyake. Lakini aliponyanyua macho, ule unyoya ukaanguka taratibu ukatua kwenye kofia ya meneja, na basi, ikawa imekwisha. Akacheka kwa sauti ya juu, akashuka huku anashikilia mbavu.

"Mama nisamehe," akasema kati ya vicheko. "Usije ukapaka kiwanda kizima bure. Hapo rangi haikushika. Injini ilikuwa ya moto, na tumepaka njiani, na kuku... kuna kuku pale kituo cha pili..."

Akaeleza yote, mkuu anayehema, abiria na kulia kwao, mwendesha baiskeli aliyesimama wima. Meneja alisikiliza akiwa amekaza uso. Brashi alipofika kwenye kuku uso ukalegea, na alipofika kwenye honi meneja alikuwa ameinama, kofia imeanguka, anapiga paja lake kwa kiganja. Kicheko kikasambaa mstari kwa mstari mpaka kwa wapakiaji wa nyuma, ambao hawakusikia neno lakini hawakutaka kupitwa.

"Hakuna kugusa," meneja akasema alipopata pumzi. "Wekundu ubaki. Upigwe upya vizuri, mstari unyooke, uandikwe HATARI, na kulia nako hivyo hivyo. Wazo ni zuri, hata kama limetoka kwa bahati mbaya."

Kwa hiyo walilala hapo, katika nyumba ya wageni ya kiwanda, chumba chenye kitanda kikubwa na dirisha linalotazama tanuru. Asubuhi injini ikiwa imepoa, Brashi akaandika HATARI pande zote mbili, herufi pana zenye adabu. Meneja alisimama pembeni na kikombe chake cha chai, akamtazama mpaka herufi ya mwisho. Kisha akasema alikuwa na madereva wawili ambao hawajawahi kushika injini ya aina hiyo. Je, mzee angeweza kubaki mwezi mmoja akawafundisha?

"Mimi nastaafu," Taratibu akaanza, "na kanuni zinasema..."

"Anaweza," akasema Brashi.

Mwezi ukawa miezi, miezi ikaingia mwaka wa pili. Walipewa nyumba ndogo yenye uwanja, na kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa hakukuwa na zamu ya usiku wala treni iliyochelewa. Pua Tisa lilishuka na mabehewa ya saruji hadi njia kuu na kupanda na matupu, kazi nyepesi ya mtu mzima, na madereva wale wawili wakajifunza kuliendesha kwa upole mpaka wafanyakazi wakawaita Taratibu Mdogo na Taratibu Mdogo Zaidi. Brashi alipewa mitambo yote ya kiwanda aipake anavyoona, naye akaipaka, mashine moja ya zambarau kwa sababu tu hakuna aliyemkataza.

Wajukuu walipokuja likizo, babu yao aliwapeleka uani mwa kiwanda kuwaonyesha injini. Aliwaeleza dizeli, jenereta na mota, kwa utaratibu, bila kuruka kitu. Mdogo wao akauliza ile mashine ya pembeni ni ya rangi gani, kwa sababu hajawahi kuona rangi kama ile. Taratibu akaisogelea, akaikagua juu mpaka chini, akaweka kiganja chake juu yake kana kwamba jibu lingepanda kupitia mkononi.

"Hii," akasema kwa uhakika kabisa, "ni nzuri."

Brashi alikuwa juu ya ngazi na debe mkononi, na ilimbidi aliweke chini kwanza kabla hajaangua kicheko, lisije likammwagikia mtu.